Jinzi Kuukuu za Kyela: Mkasi Kabla ya Kiwanda

Suruali ya jinzi ya mtu mzima ina uzito wa kama gramu 700. Kwa hesabu hiyo belo la kilo 45 lina suruali sitini na kitu, na anayelinunua hajui amenunua nini mpaka akate mikanda. Likifika Kyela limeshatembea: limeshushwa bandarini Dar es Salaam, likapandishwa kwa barabara ya TANZAM hadi Mbeya, likauzwa kwa jumla Mwanjelwa, kisha likateremshwa kupitia Tukuyu, katikati ya chai na migomba, mpaka kwenye joto la bondeni kando ya Ziwa Nyasa. Mengine hayatui hapo. Yanavuka daraja la Mto Songwe pale Kasumulu na kuingia Malawi, nchi isiyo na bahari ambayo sehemu ya mizigo yake hupita njia hiyohiyo.

Ndiyo maana suala la kurejeleza jinzi za pamba lina sura nyingine huku kuliko Ulaya. Wenzetu wanahangaika namna ya kumfanya mtu aivae suruali yake mwaka wa pili. Kyela jinzi huvaliwa ikaisha. Kijana wa bodaboda huanza nayo ikiwa ya mtoko, ikishapauka anaipeleka kazini, magoti yakitoboka inahamia kwenye kakao au kwenye majaruba ya mpunga, kisha miguu hukatwa ikawa kaptula, na mwisho ni tambara la kufutia pikipiki. Uvaaji si tatizo letu. Tatizo liko kwingine, mahali pawili: kwenye zile suruali za belo ambazo hazimpati mnunuzi yeyote, na kwenye siku ya mwisho ya zile zilizovaliwa. Hoja yangu ni kwamba mahali pote pawili panamhitaji fundi cherehani na mkasi wake kabla hapajahitaji kiwanda, na tukianza na kiwanda tutabaki na jengo tupu.

Tuanze na nguo yenyewe, maana hapo ndipo mambo mengi huamuliwa.

Jinzi halisi ni kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mshazari. Nyuzi za mtande hutiwa rangi ya nili, za mshindio huachwa nyeupe, na kwa sababu hiyo suruali huwa bluu nje na nyeupe ndani. Nili haizami mpaka kwenye kiini cha uzi. Hukaa juujuu, ikapukutika kila nguo inapofuliwa na kusuguliwa, na weupe unaotokea magotini na mapajani ni kiini hicho kikijitokeza. Pamba ya bluu si ngeni katika ukanda huu. Misafara ya karne ya 19 iliyounganisha pwani, Kilwa hasa, na nchi za ziwani ilibeba kaniki, shuka za pamba zilizotiwa rangi mpaka zikakaribia weusi, pamoja na merikani iliyofumwa Marekani. Suruali yenye ribiti za shaba ilikuwa bado kuzaliwa. Hataza yake Jacob Davis na Levi Strauss waliipata tarehe 20 Mei 1873.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba Kyela inavaa pamba ambayo kwa muda mrefu haikuruhusiwa kuilima. Kwa miongo mingi mikoa ya kusini, Mbeya ikiwemo, iliwekwa chini ya karantini ya zao hilo, kwa hofu kwamba funza mwekundu aliyeko nchi jirani angepanda kaskazini hadi kwenye mashamba ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza, ambako ndiko pamba ya taifa inakotoka. Kwa hiyo katika bonde hili pamba haitoki ardhini. Huingia kwa lori ikiwa imeshashonwa, na nyingi imeshavaliwa.

Na si yote iingiayo ni pamba. Tangu jinzi za kubana zilipopata soko, viwanda vimekuwa vikiongeza lastiki kwenye mshindio, asilimia 1 au 2 tu, na mara nyingi poliesta pia. Asilimia hiyo ndogo inaharibu mengi. Lastiki huchoka kabla ya pamba, ndiyo maana suruali ya namna hiyo hulegea magotini na matakoni huku kitambaa chake bado ni kizima. Ikichanwachanwa kwenye mashine, nyuzi zake hunata na kujiviringisha. Ikizikwa, pamba huoza, lastiki ikabaki. Lebo ingeweza kusaidia, lakini lebo za mitumba nyingi zimekatwa au zimefutika.

Vipimo viwili vinatosha, na havihitaji maabara. Cha kwanza ni kuvuta kitambaa kwa upana, yaani kuuzunguka mguu wa suruali: kikivutika na kurudi, kina lastiki. Cha pili ni kuchomoa nyuzi chache kwenye pindo na kuziwasha kwa kiberiti. Pamba huwaka kwa utulivu, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalosambaratika ukiligusa. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji akijua vipimo hivi ataweza kutenga rundo la pamba tupu na rundo la mchanganyiko, na kazi yote nitakayoieleza hapa inategemea utengaji huo.

Je, kuna faida gani kuhangaika na pamba kuukuu? Jibu linalosikika sana ni maji. Kampuni ya Levi Strauss ilichapisha mwaka 2015 tathmini ya maisha ya suruali yake moja ya 501, ikasema kwamba tangu shambani hadi mwisho hutumia karibu lita 3,800 za maji. Asilimia 68 ya maji hayo ni ya kilimo cha pamba, na asilimia 23 ni ya kufua nyumbani kwa mvaaji. Takwimu hizo ni nzito mtu akizisoma akiwa kwenye nchi kame. Kyela, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka na masika huleta mafuriko majumbani, wito wa kuokoa maji kwa kutunza suruali hautamgusa mtu. Maji yaliyotumika yalitumika kwingine.

Tena kuna mtego kwenye hesabu hiyo. Nguo kuukuu huokoa maji ya kilimo pale tu inapozuia nguo mpya isinunuliwe. Mkoba ulioshonwa kwa jinzi kuukuu ukanunuliwa na mtu mwenye mikoba mitano haujaokoa hata ndoo moja. Jinzi ya mtumba inayomzuia kijana wa Ipinda, wilayani Kyela, asinunue suruali mpya ya poliesta iliyoshonwa ovyo imeokoa kitu fulani, ingawa si maji. Wanaonadi urejelezaji hupenda kuruka hatua hii, na mimi naona ni hapo penye tofauti kati ya kupunguza taka na kutengeneza bidhaa nyingine.

Sababu yenye uzito kwa watu wa mwambao huu ni ziwa.

Taka za nguo Kyela huishia njia tatu: shimoni nyuma ya nyumba, motoni pamoja na majani makavu na mifuko, au mtoni. Njia ya tatu mara nyingi ni mwendelezo wa ile ya kwanza, kwa sababu mafuriko huchimbua mashimo. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote huteremka kutoka milimani zikikata bonde hili tambarare, na zote humwaga kwenye Nyasa. Ziwa lina eneo la karibu kilometa za mraba 29,600 na kina cha takriban mita 700, lakini mlango wake wa kutolea maji ni mmoja tu, Mto Shire, kule kusini kabisa. Sehemu kubwa ya maji yanayolitoka hutoka kwa kuvukizwa na jua, na jua halichukui nyuzi wala rangi. Kinachoingia kaskazini hukaa.

Si matambara mazima tu yanayoingia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walifua jinzi zilizokwisha kuvaliwa wakapima maji ya povu: suruali moja ilitoa wastani wa vinyuzi 56,000 kwa kufuliwa mara moja. Vinyuzi vya bluu vya namna hiyo walivikuta kwenye matope ya Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini na hata kwenye sakafu ya bahari ya Aktiki, ambako hakuna mtu anayefua. Ni pamba, ndiyo, lakini pamba iliyotiwa rangi na dawa za kiwandani haiozi upesi kama ile ya shambani. Huku kwetu jinzi hufuliwa palepale mtoni, kwa sabuni ya mche na jiwe, na jiwe linanyofoa kuliko mashine. Mbasa, samaki anayesifiwa kuliko wengine ziwani, huzaa kwa kupanda mito. Anayefua na anayevua wanatumia maji mamoja.

Mwaka 2014 mkuu wa Levi Strauss wa wakati huo, Chip Bergh, alitangaza hadharani kwamba suruali aliyovaa ilikuwa na mwaka mzima bila kuingia kwenye mashine ya kufulia, akawashauri watu wafue jinzi kwa nadra. Ushauri mzuri, wa mtu ambaye hajawahi kushinda kwenye jaruba la mpunga. Mkulima wa Kyela atafua. Anachoweza kufanya ni kufulia kwenye beseni nyumbani na kuyamwaga maji kwenye migomba. Udongo utazizuia nyuzi nyingi zisifike mtoni.

Sasa tutazame kiwanda, kwa kuwa ndicho kinachotajwa kwanza kila suala hili likizungumzwa.

Njia kuu ya kurejeleza jinzi duniani ni ya kimakanika. Suruali hukatwa zipu, vifungo, ribiti na maungio mazito, kisha kitambaa huingizwa kwenye mapipa yenye meno yanayokichanachana mpaka kirudi kuwa nyuzi. Tatizo ni kwamba nyuzi hizo hutoka fupi, na uzi wa nyuzi fupi hukatika. Inabidi zichanganywe na pamba mpya. Uholanzi mwaka 2020 serikali, kampuni za jinzi na wakusanyaji wa nguo walitia saini makubaliano ya kutengeneza jinzi milioni 3 zenye angalau asilimia 20 ya pamba iliyotoka kwenye nguo zilizokwisha kuvaliwa. Yaani pale palipo na fedha, mitambo na nia, shabaha ya kujivunia ilikuwa asilimia 20. Taasisi ya Ellen MacArthur ilikadiria mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo duniani hurudi kuwa nguo mpya.

Ipo pia njia ya kikemia, ya kuiyeyusha pamba na kuitengeneza upya. Kampuni ya Renewcell ya Sweden ilifungua kiwanda kikubwa cha aina hiyo Sundsvall mwaka 2022. Februari 2024 ikafilisika. Mtambo ulikuwa ukifanya kazi, wanunuzi wakawa hawatoshi. Marekani wamechagua njia nyepesi zaidi: tangu 2006 shirika la wakulima na waagizaji wa pamba, Cotton Incorporated, limekuwa likikusanya jinzi kuukuu ili zisagwe kuwa mablanketi ya kuwekwa kwenye kuta na dari za nyumba, yakiwa yametiwa dawa ya borati yasishike moto. Nimewahi kuwaza kwamba nyumba za bati za Kyela, zinazochoma kama tanuri saa nane mchana, zingefaidika na dari ya namna hiyo. Lakini unyevu wa Kyela ungeiozesha kabla haijalipa gharama yake.

Tuseme hata hivyo tunataka mtambo wa kuchanachana, wa kiasi tu, unaomeza kilo 500 kwa saa. Kwa kazi ya saa nane ni tani 4 kwa siku. Wilaya ya Kyela ina watu zaidi ya 250,000. Tukichukulia kwa ukarimu kwamba kila watu wawili hutupa suruali moja ya jinzi kwa mwaka, na kwamba kila suruali hiyo itakusanywa bila kupotea hata moja, tutapata suruali kama 125,000, sawa na tani 87 na ushei. Mtambo utazimaliza kwa siku 22. Siku zilizobaki za mwaka utasimama, mkopo ukiendelea kuhesabiwa. Ukijengwa Mbeya ungekusanya kutoka Rungwe, Songwe na Njombe, lakini nyuzi zake zingeenda wapi? Vinu vya nyuzi viko mbali, na Urafiki ya Dar es Salaam, iliyoanza 1968 kwa msaada wa China, Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma vyote vilidhoofika au kufungwa baada ya soko kufunguliwa kuanzia miaka ya 1980. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania husafirishwa nje bila kusokotwa. Nchi inayouza pamba yake ndefu na safi bila kuisokota haitaanza kusokota matambara.

Kama kuna mahali Tanzania panapostahili mtambo wa kuchana jinzi, pako Mabibo, Dar es Salaam, katika eneo la uwekezaji la Benjamin William Mkapa, ambako kiwanda cha Tooku Garments kilijenga biashara yake kwa kushonea jinzi soko la Marekani. Kila suruali inayokatwa mezani huacha vipande. Vipande hivyo ni vipya, havina zipu wala jasho, aina yake inajulikana, na vinarundikana mahali pamoja. Huko ndiko urejelezaji wa kiwandani unakoweza kuanza bila kumdanganya mtu. Mtumba uliosambaa kwenye magulio ya Ipinda na Matema ni kinyume cha hayo yote.

Basi tumrudie fundi.

Fundi wa Kyela hukaa barazani kwa mwenye duka, na cherehani yake ni ya kukanyaga, Singer au Butterfly. Kazi yake kubwa kwa jinzi ni marekebisho: kupunguza kiuno, kubana miguu, kubadili zipu, kukata urefu, kutia kiraka. Kazi hii haihesabiwi popote kama urejelezaji, na hakuna mfadhili anayeijia na kamera, lakini ndiyo inayookoa nguo nyingi kuliko miradi yote ya mikoba. Suruali ya Mmarekani wa kiuno 44 haina mvaaji Kyela mpaka ipite mikononi mwa fundi. Akiikata inchi chache kila upande inakuwa ya mtu. Asipoikata inabaki chini ya rundo, inauzwa kwa bei ya kutupa, halafu kweli inatupwa.

Suruali isiyokubali marekebisho bado ina kitambaa. Wenye mazoea wanajua kwamba jinzi haichakai sawasawa. Huisha magotini kwa mbele, kwenye msamba na kwenye pindo la chini linaloburuzwa. Nyuma ya paja na nyuma ya muundi kitambaa hubaki karibu kizima. Vipande vya nyuma ndivyo vya kuanza navyo, vya mbele ni vya akiba. Mfuko wa nyuma hautolewi uzi kwa uzi. Hukatwa pamoja na kitambaa kilicho chini yake, ukahamishwa ulivyo. Maungio ya pembeni, yale yaliyokunjwa mara mbili na kushonwa mistari miwili, hayafumuliwi, maana kuyafumua kunakula saa nzima. Hukatwa na kuwekwa kando, na utepe huo mgumu unafaa kuwa mshikio wa mfuko au kamba ya kufungia mzigo.

Adui wa fundi ni unene. Tabaka mbili za jinzi cherehani ya kukanyaga inazimudu kwa sindano namba 16. Zikifika nne, pale mishono inapokutana, sindano hukatika hata ikiwa namba 18, na sindano ni fedha. Mafundi wazoefu huweka mkunjo juu ya ubao na kuugonga kwa nyundo mpaka ulale, kisha huzungusha gurudumu kwa mkono hatua chache badala ya kukanyaga. Huo ni ujuzi kamili, na kijana anayetoka chuo cha ufundi akiwa amejifunzia vitenge na vitambaa vya sare hanao.

Ashone nini? Hapa wengi hukosea kwa kuanza na kinachopendeza machoni. Mikoba ya watalii ina soko dogo Matema, penye nyumba za wageni kando ya ufukwe, na dogo ndilo neno lenyewe. Sare ya shule ya msingi ni bluu, lakini hakuna mwalimu atakayempokea mtoto mwenye kaptula ya jinzi. Mkoba wa shule wa plastiki kutoka China ni rahisi kuliko saa za kazi ambazo fundi angezitia kwenye wa jinzi, kwa sababu gharama yake haiko kwenye kitambaa, iko kwenye muda. Fundi akishindana kwa bei atashindwa. Akishindana kwa nguvu atashinda.

Na nguvu inahitajika sana katika bonde hili. Tangu tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, watu wamekuwa wakitumia mifuko mbadala ambayo mingi haivumilii kilo tano za mchele mara tatu. Mfuko wa jinzi wenye mishono miwili huvumilia miaka. Viti vya bodaboda huchanika, na jinzi ya pamba kwa kuvishia kiti haichomi mapajani kama ngozi ya bandia inavyochoma juani. Wavunaji wa kakao wanahitaji aproni na mifuko ya begani ya kukusanyia maganda. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe husafirisha vyungu vyao kwa mitumbwi mpaka Matema na kwa magari mpaka Mbeya, na chungu kinachovunjika njiani ni hasara tupu. Matandiko ya jinzi kati ya vyungu yangepunguza hasara hiyo, na hata jinzi ya lastiki ingefaa kwa kazi hii. Kwa kufutia mafuta gereji, kusema kweli, fulana ya pamba hunyonya vizuri kuliko jinzi.

Mifano ya Afrika Mashariki iko, ila isomwe kwa makini. Kampala, mbunifu Bobby Kolade na kampuni yake ya Buzigahill hufumua mitumba, huishona upya, na kuiuza kwenye nchi ilikotoka, kwa mkusanyiko walioupa jina la kuirudisha kwa aliyeituma. Nairobi, Africa Collect Textiles hukusanya nguo zisizotakiwa, huzichambua, na kutengeneza mazulia, mifuko na vitu vya kuchezea. Kolade ametengeneza hoja ya kisiasa yenye nguvu, na bidhaa yake inalipwa kwa fedha za kigeni. Africa Collect Textiles wana jiji la mamilioni ya watu la kukusanyia. Kyela haina jina la kimataifa wala wingi wa watu. Tunachoweza kukichukua kwao ni uchambuzi: kutenganisha kwanza, kabla ya kufikiri kushona.

Lakini hata fundi hodari hawezi kubeba lawama ya belo. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana Arusha kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikatishiwa kupoteza nafuu ya AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda iliyopandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo ilishikilia msimamo, na Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu hiyo kwa nguo. Sijutii kwamba marufuku haikufika Kyela. Ingewavua watu nguo bila kuwapa nyingine. Ninachosikitikia ni kwamba baada ya kushindwa na marufuku hatukujaribu kitu cha katikati.

Cha katikati kipo. Shirika la Viwango, TBS, linakataza nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya, kwa hiyo kanuni kwamba si kila kinachojazwa kwenye belo kina haki ya kuingia tayari tunayo. Inaweza kupanuliwa: belo linaloandikwa jinzi liwe na jinzi ambazo hazijachanika, na pamba tupu ifungwe mbali na mchanganyiko. Ulaya nako kuna fedha. Ufaransa tangu 2007 imemtaka kila anayeuza nguo achangie gharama ya taka zake, na mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzitaka nchi zake zote zifanye hivyo. Mchango hulipwa dukani Paris, suruali inafia Kyela, na hakuna hata senti inayoifuata. Serikali inapozungumza na Ulaya kuhusu biashara, mchango huo uingie mezani.

Yaliyo karibu zaidi hayangoji mazungumzo hayo. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 taka ngumu ni jukumu la serikali za mitaa. Halmashauri ya Wilaya ya Kyela inaweza kuweka kontena moja kavu, lililoinuliwa juu ya kiwango cha mafuriko, kwenye soko la mjini na lingine Ipinda, na kuwataka wauza mitumba wapeleke humo masalia ya belo yakiwa yametengwa. Mafundi wachukue pamba bure. Fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambalo hukopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, linunue cherehani nzito za kushonea jinzi, sindano na uzi imara, badala ya kugawanywa kuwa mitaji midogo isiyonunua chombo. Na mafundi wazee wanaojua kugonga mkunjo kwa nyundo walipwe kufundisha, kwa sababu ujuzi huo hauko kwenye mtaala.

Nawe msomaji mwenye suruali iliyokuishia, ivute kwa upana, kisha choma nyuzi mbili tatu. Ikiwa ni pamba, usiichome yote wala usiizike. Ifue, ikaushe, mpelekee fundi aliye karibu nawe umwambie ni ya viraka. Ikiwa ya lastiki, itumie nyumbani mpaka iishe kabisa, ila usiipeleke mtoni. Na diwani wako akija kuomba kura, muulize fungu la asilimia 10 limeshanunua cherehani nzito ngapi katika kata yenu.